Kampeni Yangu ya Kupitisha Titani

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Kikao cha kuchagua ganda la chombo. Nilichelewa kidogo kwa sababu nilikuwa nasaka kiti kinachozunguka. Afisa wa cheo changu hawezi kukaa kwenye kiti cha plastiki kama mgonjwa anayesubiri sindano. Nilipoingia, Bi Mkuu alikuwa ameshamaliza utangulizi. Si kitu. Utangulizi ni wa watu wasiojua mambo.

Niliyoyakuta ni haya. Kituo chetu kinajenga chombo kidogo cha angani, ukubwa wake kama friji. Kitazunguka dunia, upande mmoja ukichomwa na jua, upande wa pili ukikaa gizani kwenye baridi ya kuua. Ndani itapandishwa miche ya maharage ya Bi Mbegu, mtaalamu wetu wa mimea, tuone kama itakua huko juu. Kilichobaki ni ganda. Litengenezwe kwa nini? Bi Mkuu akasema uamuzi utategemea jambo moja tu, nalo ni upitishaji. Ganda lenye upitishaji mkubwa ndilo litakalokwenda.

Nusura nisimame nipige makofi. Hatimaye kituo hiki kimepata uongozi! Miaka yote wanasayansi wanatusumbua na namba zao, kumbe mwisho wa yote jambo ni kupitisha. Na mimi kabla ya kuhamishiwa Kitengo cha Ganda nilikuwa Afisa wa Vifaa. Nimepitisha mapazia. Nimepitisha jenereta bovu. Nimepitisha zulia la rangi ambayo hakuna aliyeipenda, na kamati nzima ikanyoosha mikono. Kwenye kupitisha, mimi ndiye baba yao.

Tunaoshindana ni wawili: mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Hapa kazini wanamwita Desimali, maana hata ukimjulia hali anakujibu kwa nukta. Atakayeshinda anakuwa Mkuu wa Kitengo. Yeye amechagua aluminiamu. Basi mimi nikachagua titani palepale, sikuhitaji kufikiri. Aluminiamu ni sufuria! Nani anakwenda angani ndani ya sufuria? Lakini titani, hebu litamke hilo jina. Lina kifua.

Mama mkwe akipiga simu nyumbani huuliza kwanza: mwanangu wa angani hajambo? Anamaanisha Desimali. Mimi naulizwa kama bomba la jikoni limeacha kuvuja. Mwaka huu ataniulizia mimi.

Jumanne, 4 Machi

Kampeni imeanza. Wajumbe wa kamati ni saba, na kabla ya chai nilikuwa nimeshawafikia watatu. Bwana Redio nimemwahidi meza ya dirishani. Dada wa Darubini, kwa bahati mbaya, naye aliitaka hiyohiyo meza ya dirishani. Nikamwahidi. Dirisha ni pana. Mzee wa Betri hakutaka ahadi yoyote, alitaka tu asikilizwe habari za goti lake. Nimelisikiliza hilo goti mpaka na mimi nikaanza kuchechemea. Kura ni kura.

Mchana Desimali akanijia mezani na karatasi. Jedwali! Juu ameandika kwa herufi kubwa UPITISHAJI. Aluminiamu, mia mbili thelathini na saba. Titani, ishirini na moja nukta tisa. Akasema ameona bora anionyeshe mapema, kindugu, nisije nikaumbuka mbele za watu.

Nilicheka mpaka Bwana Redio akavua vile vidude vyake vya masikioni. Mia mbili thelathini na saba! Kamati ina watu saba! Hao wengine anawatoa wapi, makaburini? Na hiyo nukta tisa ndiyo nini, mjumbe aliyeinua mkono akaghairi katikati? Nikamwambia asante, shemeji, hesabu zangu ninazo, watatu wa uhakika na wa nne yuko njiani. Akanitazama sana. Akauliza watatu wa nini. Nikamtupia tabasamu la kiutu uzima, nikamwacha aumie. Karatasi yake nimeikunja na kuiweka chini ya mguu wa meza. Meza sasa haiyumbi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefanya jambo jema. Naandika mapema kabla sijasahau.

Bi Mbegu alinikuta kwenye korido akaniomba nimfuate chumba cha kupandia. Ni chumba cha vioo nyuma ya karakana, kina fukuto na harufu ya udongo uliomwagiliwa. Miche yake iko kwenye trei moja, imepangwa mistari mitatu. Katikati kuna mmoja mkubwa, shina nene, anauita Bibi. Huyo ndiye aliyezaa wengine wote. Mbegu yake ya kwanza ilichaguliwa na marehemu mume wake Bi Mbegu, kwa mkono wake, enzi hizo wakifanya kazi pamoja humohumo. Mwaka jana ugonjwa uliingia ukafagia trei zote isipokuwa hii. Akasema hawa wakifa, basi, hakuna wengine, na kazi yao wote wawili imekwisha.

Alikuwa anaufuta mche jani kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto mdomo. Akaniuliza bila kunitazama: una hakika itapitisha, baba? Maana isipopitisha, wanangu hawaponi.

Kumbe mama wa watu roho yake iko juu kwa ajili ya kura! Huruma ilinishika, nakiri. Nikamwambia, mama, ondoa shaka, itapitisha vizuri sana, nimeongea na watu mmoja mmoja. Akashangaa kidogo. Akauliza, watu wote hao wamekuhakikishia kwamba inapitisha? Nikasema hata Mzee wa Betri, pamoja na goti lake. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye udongo, akasema wiki nzima hajapata usingizi, leo atalala.

Nimerudi ofisini nikitembea kama mtu mwema. Ni hisia nzuri kweli. Sijui kwa nini siitumii mara kwa mara.

Na nimepata kura ya nne.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Bwana Redio na Dada wa Darubini wamegongana dirishani, kila mtu na futi yake, wanapima meza moja. Nikawaambia ni kwa zamu, mmoja asubuhi, mwingine mchana. Wamenuna wote wawili. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Desimali kaja nyumbani bila kualikwa. Mke wangu anasema alialikwa, tena na yeye. Hajakaa sawasawa kaanza: shemeji, ile titani, haki ya Mungu, haipitishi. Anasema hivyo huku anang'ang'ania mkono wangu, uso umemkunjamana kwa huruma. Huruma ya uongo! Nikamwambia Jumatatu ndiyo itakayosema. Akasema ataongea na Bi Mkuu. Nikamwambia aongee hata na rais, kura zimeshakaa.

Akauliza tena, kura gani? Anajifanya mjinga vizuri sana huyu kijana. Nikabadilisha mazungumzo, nikataja bomba la jikoni.

Akalitengeneza. Palepale, kwa koleo la kwenye mfuko wa suruali. Mama mkwe alipopiga simu jioni, habari ilikuwa imeshamfikia.

Jumatatu, 10 Machi

USHINDI!

Tangi la majaribio lina nafasi moja tu mwezi huu, kwa hiyo kamati ilikuwa ipige kura ganda lipi liingie kwanza. Tangi lenyewe ni pipa kubwa la chuma, ndani hakuna hewa. Upande mmoja lina taa kali, hiyo ndiyo jua. Upande wa pili linapozwa, hiyo ndiyo giza la angani. Bi Mkuu akaniuliza mbele ya wote kama nina hakika na upitishaji wa titani. Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti. Nikasema ni mkubwa kuliko wa aluminiamu, na atauona mwenyewe dakika hii.

Desimali akakohoa akaanza kusoma namba zake. Nikasema hizo ni za wiki iliyopita, mambo yamebadilika. Mzee wa Betri ndiye aliyeguna, lakini huyo anagunia goti. Bi Mkuu akakunja uso, akasema katika maisha yake hajapata kusikia upitishaji unabadilika kwa wiki moja, ila tangi halidanganyi, tupige kura.

Mikono mitatu kwao. Mitatu kwetu. Umebaki wa Bi Mbegu. Akanitazama, akauinua.

Halafu akasimama. Akasema miche yenyewe ndiyo itakayojaribiwa, kwa kuwa ndiyo itakayosafiri. Alikuwa amepanga kumbakiza Bibi nje, kwa tahadhari. Lakini kwa kuwa huyu bwana amempa neno lake, hatamtenga Bibi na wanawe. Wote wataingia. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, ingawa kuna kitu kilinichoma kidogo hapa chini ya kifua. Nadhani ni njaa.

Nimeshachagua maandishi ya mlangoni. Herufi za dhahabu, lakini za kiasi.

Jumanne, 11 Machi

Mungu wangu.

Mchana ulikwenda vizuri. Maganda mawili ya majaribio yako kwenye meza ya karakana, ukubwa mmoja, yote yamepakwa rangi nyeupe ileile ili yasipendelewe. Huwezi kuyatofautisha ila kwa lebo za karatasi, moja TITANI, nyingine ALUMINIAMU. Bi Mbegu akaiingiza trei ndani ya titani mwenyewe, akaunong'oneza mche wa Bibi jambo fulani, akafunga. Kesho asubuhi linaingia tangini.

Jioni nikarudi nyumbani na kipande cha titani, urefu wake kama rula, nimtambie mke wangu. Alikuwa amebandika maji ya chai, anakoroga kwa kijiko chake kirefu cha aluminiamu. Nikachovya titani yangu kwenye maji yanayochemka, nikashika ncha ya juu. Punde si punde mke wangu akaachia kijiko, akapuliza vidole, akasema kimemuunguza. Mimi bado nimeshika! Nikacheka. Nikamwambia ona, mama watoto, tofauti ya sufuria na chuma cha kifalme, yako inakuunguza, yangu baridi kabisa, naweza kushika hivi mpaka kesho.

Akaja akaigusa. Akasema, kumbe kweli titani haipitishi.

Nikamwuliza haipitishi nini.

Akasema, joto. Joto halitoki chini likafika juu. Wewe ulidhani inapitisha nini?

Niliendelea kushika kile chuma. Akaniuliza kama nimepatwa na kitu. Nikamwuliza, kwa sauti isiyo yangu, kwani ganda la chombo linatakiwa lipitishe joto? Akasema mdogo wake kamweleza hayo mara ngapi hapahapa sebuleni. Upande wa jua unachomeka, upande wa giza unaganda. Ganda likipitisha, joto linakimbia kutoka kule linakuja huku, ndani panakuwa pa wastani, kiumbe anaishi. Lisipopitisha, nusu tanuri, nusu barafu.

Nikamsikia Bi Mbegu kichwani: una hakika itapitisha, baba?

Nilikaa chini, sakafuni, pale pale jikoni. Kamati itapitisha. Titani itapitisha. Ni i-ta-pitisha ileile! Nani aliyeitunga lugha hii? Hivi angeweka kiambishi kimoja cha ziada kwa ajili ya watu kama mimi, angepungukiwa nini? Na ile mia mbili thelathini na saba. Na Desimali na mkono wangu Jumapili. Sikuwahi kuona aibu ikinipanda mpaka kwenye ngozi ya kichwa namna hii.

Mke wangu akasema niende nikaseme ukweli kesho asubuhi, basi. Rahisi kwake! Nikisema ukweli, Desimali anakuwa Mkuu wa Kitengo na mimi nakuwa kichekesho hadi nistaafu. Nisiposema, Bi Mbegu anafungua trei anakuta maiti.

Kuna njia ya tatu. Siku zote mimi huwa na njia ya tatu.

Jumatano, 12 Machi

Nimefungwa bandeji vidole vinne, naandika kama kuku anavyoparua. Lakini lazima niandike.

Njia ya tatu ilikuwa hii: nifike karakana kabla ya watu, nihamishe trei kutoka ganda la titani niitie kwenye la aluminiamu, kisha nibadilishe lebo. Miche inapona, titani inashinda, hakuna anayejua. Nilijisifu njia nzima.

Fundi wa Tangi alinifungulia mlango. Nikamwambia nimekuja kuliombea dua ganda. Akaguswa, akaniacha peke yangu. Nikafungua ganda lenye lebo TITANI, nikatoa trei. Miche ilikuwa mizima, Bibi ameinamisha jani moja kama anayenihoji. Nikaiingiza kwenye ganda lenye lebo ALUMINIAMU. Nikabandua lebo, nikazibandika upya, vizuri, kwa mate. Lile la kwanza nilipolisogeza lilikuwa jepesi, nikashangaa nguvu zangu za asubuhi. La pili likanitoa jasho. Nikasema ndiyo uzee.

Watu wakaja. Ganda likaingia tangini, hewa ikatolewa, taa ikawashwa. Nje ya tangi kuna vipimo viwili vyenye mishale, kimoja cha upande wa jua na kimoja cha upande wa giza. Kama ganda linapitisha, mishale inakaa jirani. Mimi nimesimama mbele, mikono nyuma, mtulivu kama mtu anayejua matokeo.

Mshale wa jua ukapanda. Mshale wa giza ukashuka. Nikasubiri ugeuke. Haukugeuka. Mmoja unapanda, mwingine unashuka, kila mtu na safari yake. Bi Mbegu alikuwa ameweka kiganja kwenye ukuta wa tangi, kama anaweza kuwasikia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, baba, ndivyo inavyopaswa kuwa?

Nikamtazama Desimali. Desimali alikuwa ametoa macho kuliko mimi. Amekuwa rangi ya majivu. Hapo ndipo akili ilinigonga: na huyu naye kaja jana jioni! Kahamisha trei, kabadilisha lebo, ili miche isife na mume wa dada yake asiaibike. Kumbe lile jepesi ndilo lilikuwa la aluminiamu, na mimi asubuhi, kwa mikono yangu, nimeirudisha trei kulekule kwenye titani.

Kuna sauti ilipiga kelele: zimeni taa! Haipitishi! Titani haipitishi! Nikatafuta nani anapiga kelele. Ni mimi. Bi Mkuu akauliza nasema nini. Nikasema mbele ya wote kwamba haipitishi hata chembe, nilidhani ni kura, nilidhani kupitisha ni kunyoosha mikono, zimeni taa, watakufa humo ndani! Fundi wa Tangi akazima. Lakini tangi huwezi kulifungua papo hapo, sharti hewa irudi kwanza. Ikawa inarudi na mlio wa nyoka, pole pole, na sisi tumesimama. Bi Mbegu hakunitazama tena. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote yaliyofuata.

Mlango ulipoachia niliingia wa kwanza. Nikalidaka ganda kwa mikono yote miwili. Upande wa jua! Yowe nililolitoa mimi hapo, hata chumba cha redio walilinasa. Desimali akaniita kwa nguvu, shika upande wa pili, shemeji, huko kumepoa! Kweli. Upande wa pili ulikuwa kama friji. Ningekuwa na nafasi ningelisifu jambo hilo kisayansi. Tukalitoa pamoja, tukafungua.

Mstari wa upande wa jua ulikuwa umenyauka kabisa, majani yamejikunja yakawa kahawia. Mstari wa upande wa giza umelegea. Wa katikati umesimama. Bibi amesimama.

Bi Mbegu alipiga magoti akawa anagusa mche mmoja mmoja, akiita majina. Kumbe kila mmoja una jina. Kwa ile iliyonyauka alirudia jina mara mbili. Nililia, siandiki kwa kujisifu. Nikamwambia nisamehe, mama. Akasema nimemuulia watoto kwa sababu sikuuliza swali moja dogo. Kisha akautazama mkono wangu, akamwagiza mtu alete maji.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo yamewekwa wazi. Desimali ameungama kubadilisha lebo. Mimi nimeungama kuzibadilisha zilizobadilishwa. Bi Mkuu alifumba macho akatuomba tusieleze tena, kichwa kinamuuma. Aluminiamu imepitishwa. Na inapitisha. Desimali ndiye Mkuu wa Kitengo. Amekuja kuniambia mwenyewe, anaomba radhi kana kwamba ameniibia. Kijana mwema, sijui kwa nini sikuliona hilo mapema. Labda kwa sababu ya bomba.

Miche ya upande wa giza imeinuka leo. Nimekwenda kuichungulia kupitia kioo, sikuingia. Bi Mbegu aliniona. Hakuniita, lakini hakunifukuza.

Ofisini wamenipa jina: Haipitishi. Nikiomba kalamu, wanasema Haipitishi anaomba kalamu. Mke wangu ameniambia jambo la maana sana. Nikisikia neno nisilolielewa, niulize. Basi. Nimemwahidi. Nimelishika kwa dhati ya moyo, nimekuwa mtu mpya.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepandishwa!

Bi Mkuu kaniita ofisini. Safari hii niliwahi, nikasikiliza toka neno la kwanza, hata utangulizi. Akasema pamoja na madudu yangu yote, nilipiga kelele kwa wakati, na mtu wa kupiga kelele kwa wakati anamhitaji. Akasema upande wa kompyuta kumechemka. Joto limepanda kupita kiasi, hali haiwezi kuachwa hivi hivi, na trei ya Bibi itakaa jirani nao kabisa. Anataka mpango wa kupoza uwe mezani kwake Jumatatu. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia neno kwa neno, na hakuna nililohitaji kuuliza, maana yote yalikuwa Kiswahili cha kawaida.

Nimekwenda kuwatazama hao watu wa kompyuta. Wamekaa kimya, wanabonyeza vitufe, wanakunywa maji. Ndio wabaya zaidi hao, wenye hasira za ndani kwa ndani. Lakini kupoza watu ndiyo fani yangu! Nimekwisha andaa hotuba fupi ya kuwatuliza, keki, na maua ya kila meza. Kiongozi wao, mwenye kidevu cha kununa, nitamwahidi ile meza ya dirishani.

Desimali, sasa bosi wangu, kaniletea michoro ya vyuma vyembamba vya kutoa joto, vimepangwa kama kitana, anasema vitanifaa katika kupoza. Watu wana hasira, yeye anawaletea vyuma! Nikamshukuru kwa adabu. Ndiyo maana anahitaji mtu kama mimi chini yake.

Jioni Bi Mbegu akaja hadi mezani kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile. Alisimama kidogo. Akaniuliza kama kweli nitapoza kabla joto halijamfikia Bibi. Nikauweka mkono wangu wenye bandeji kifuani, nikamwambia, mama, lala usingizi, nitaanza na keki.

Akanitazama sana. Kisha akageuka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa Desimali, akagonga kwa nguvu. Nadhani anampelekea habari njema.